Nani Aliziona Nondo?

Aliigeuza karatasi upande wa pili, akaitazama kidogo, akanirudishia.

"Mama, huku nyuma hakuna kitu."

Tulikuwa tumesimama kwenye chumba ambacho ramani inakiita sebule. Kwa miaka tisa kimekuwa kichaka. Mwarobaini umeota katikati, unene wa paja, matawi yametokeza juu pale ambapo tulipanga pawe na dari la jipsam. Mhandisi wa manispaa ni binti mdogo, angeweza kuwa kitindamimba wetu. Alikuja kwa bodaboda, ameshika buti mkononi kwenye mfuko, akakaa juu ya tofali akazivaa. Kibali chetu cha ujenzi alikuwa amekishika kwa ncha za vidole, maana kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuachana.

Upande wa mbele kimekamilika: namba ya kiwanja, jina la mume wangu, muhuri, sahihi. Nyuma kuna jedwali dogo ambalo sikuwahi kulisoma. Msingi. Mkanda wa chini na jamvi, yaani boriti ya zege juu ya msingi na sakafu ya zege. Lenta. Paa. Umaliziaji. Mbele ya kila hatua kuna nafasi ya tarehe na sahihi ya mkaguzi.

Tupu zote.

"Nani aliziona nondo za mkanda kabla zege halijamwagwa?"

Nilijibu haraka, kama mtoto aliyekariri. "Mkaguzi alikuja. Baba watoto alikuwepo."

Hakubisha. Aliandika maneno mawili kwenye daftari lake, akaendelea kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Tofali moja la kozi ya juu kabisa, ule mstari wa mwisho, alilishika kwa mkono mmoja, akaling'oa kama mtu anayechukua mkate kwenye rafu.

Jioni nikamwuliza mume wangu swali lile lile. Jibu lake ndilo limenifanya niandike leo, wiki ya saba tangu siku ile.

Ofisi ya ufufuo

Kwa nini ujenzi ulisimama? Mnajua. Ada, msiba, mkopo wa kulipa mkopo, halafu bei ya bati. Hakuna mtu Dar es Salaam anayehitaji kuelezwa pagale linatokeaje. Hata wewe unalo, au shemeji yako analo.

Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba nyumba ikilala, makaratasi yake hayalali. Yenyewe yanakufa.

Mwanzoni mwa mwaka huu, tulipopata pesa ya kupaua, nilienda manispaa nikiwa na kibali cha 2015 kwenye bahasha ya kaki. Nilidhani nitaonyesha, nitapigiwa muhuri, nitarudi. Yule baba wa dirishani alikiangalia tarehe tu. "Hiki kilishakufa, mama. Unahuisha au unaanza upya?" Nikamwuliza tofauti ni nini. Akasema inategemea kama kilichojengwa ndicho kilichochorwa.

Hakikuwa hicho. Kwenye ramani hakuna stoo, sisi tunayo stoo. Choo cha wageni kilihamia upande wa pili siku fundi aliposema pale pana mteremko mzuri wa maji taka. Basi ni michoro mipya, ya nyumba kama ilivyojengwa. Na kabla ya michoro, mpima ardhi aje kufufua mipaka, kwa sababu bikoni moja, lile jiwe la mpaka, imemezwa na ukuta wa jirani. (Imemezwa tu, haikuhamishwa. Nilikuwa tayari nimeandaa ugomvi, nikaurudisha nao nyumbani.) Kuhuisha kibali, kufufua mipaka, kuna wakati nilijiona kama nimekwenda mkutano wa maombezi.

Halafu kuna hati. Kama unayo ya kiwanja cha makazi, itoe usome masharti. Nyingi zinasema kitu kimoja: jengo likamilike ndani ya miezi 36. Mimi nilikuwa naringia hati yangu kana kwamba ni ya nyumba, kumbe ni ya ahadi, na ahadi yenyewe niliivunja mwaka 2018 bila kujua. Kodi ya pango la ardhi tulikuwa tukilipa, ndiyo iliyotusitiri kidogo. Risiti zile walizitaka zote.

Maombi yenyewe siku hizi yanaingia kwa mtandao, kwenye mfumo wa TAUSI. Unapakia hati, michoro, risiti, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Hiyo sehemu sina la kulalamika. Mwanangu alinifanyia kwa usiku mmoja, na sehemu kubwa ya usiku huo ilikuwa kutafuta mwanga wa kupiga picha ya hati.

Mfumo haukuniuliza kuhusu nondo. Yule binti ndiye aliyeniuliza.

"Alikuja"

"Baba, ile siku ya mkanda, mkaguzi alikuja saa ngapi?"

Alikuwa anakula. Aliendelea kumega ugali, akauviringa, akauacha kwenye sahani.

"Fundi aliniambia alikuja."

Miaka tisa nimemsikia mume wangu akisema mkaguzi alikuja. Aliwaambia ndugu zake. Alimwambia baba yangu, ambaye alikuwa anapenda kuuliza maswali ya ujenzi kwa sababu aliwahi kuwa karani wa ujenzi wa reli. Aliniambia mimi. Na kila aliposema "alikuja", mimi nilisikia "nilimwona".

Nikakasirika, nakiri. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuyasema mezani watoto wakiwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Ile ilikuwa Jumamosi ya uchungu wako."

Nikanyamaza.

Binti yetu wa pili yuko darasa la nne. Alizaliwa Septemba 2015, Jumamosi jioni, baada ya uchungu wa tangu Ijumaa usiku. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi siku nzima. Nakumbuka kabisa nilimwambia asiondoke. Nakumbuka pia simu yake ilikuwa inaita, ananiambia "ni mafundi hao, wasikusumbue".

Mafundi hao walikuwa wanamwaga mkanda.

Kwa hiyo mume wangu hakuona. Mimi sikuona. Mkaguzi, kama aliitwa, hakuna palipoandikwa. Na chini ya mchanga ule, chini ya jamvi ambalo watoto wangu walikuwa wakirukia kamba tulipokwenda kutembelea "nyumba yetu" kila Krismasi, kuna zege ambalo sote tulikuwa tumeambiwa habari zake.

Sahihi nne, siku mbili

Wiki iliyofuata nilirudi manispaa kuuliza kama kuna njia. Sikumkuta niliyemtaka. Kwenye korido nikakutana na kijana nadhifu, shati limechomekwa, faili kwapani. Ofisi za umma zote zina vishoka na nadhani tunawatambua kwa jinsi wanavyosalimia: wanakusalimia kana kwamba walikuwa wanakusubiri.

"Shikamoo mama. Ni ukaguzi, eeh?"

Alinieleza bila hata kushusha sauti. Jedwali la nyuma linajazwa. Tarehe za nyuma, kalamu tofauti, sahihi zinazofanana na za wakati ule. "Sahihi nne, siku mbili. Huyo binti hawezi kukataa sahihi ya mkubwa wake aliyestaafu."

Niliichukua namba yake.

Ningependa kuwaambia kwamba niliichukua ili nimripoti. Niliihifadhi kwa jina "Ukaguzi", nikakaa nayo siku tisa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nyumba imesimama miaka tisa, haijaanguka. Ni ya chini, si ghorofa. Vyumba vitatu na sebule. Nani ataumia?

Hoja hiyo ilikuwa inanishika vizuri mchana. Usiku ilikuwa hainishiki. Imesimama, ndiyo, lakini imesimama bila kubeba kitu. Haina paa, haina matangi, haina sisi. Mzigo wake wa kwanza utakuwa sisi.

Na mume wangu alikuwa na lake. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, lilipoporomoka lile jengo la ghorofa nne Kariakoo, alikuwa kwenye ofisi yake mtaa wa tatu kutoka pale. Aliona vumbi kabla ya kusikia chochote. Zaidi ya watu 20 walikufa, na wengine walikuwa wakizungumza kutoka chini ya kifusi kwa simu. Nyumba yetu si jengo lile, na sababu za lile si sababu za hili, siunganishi. Ila tangu siku ile ana tabia ya kutazama juu kabla ya kuingia dukani, na sijawahi kumcheka.

Sikumwambia kuhusu kijana wa korido. Hilo naliandika hapa, atalisoma humu.

Simu ya Dodoma

Fundi wetu wa wakati ule alihamia Dodoma, kama mafundi nusu ya Dar walivyofanya Serikali ilipoanza kuhamia huko. Namba yake niliipata kwa fundi bomba aliyeipata kwa mtu wa hadwea.

Nilimpigia Jumapili mchana. Alifurahi kweli. Aliuliza watoto, akauliza "kaka" hajambo, akasema ile nyumba anaikumbuka, ile yenye mnazi getini. Nikamwachia azungumze. Kisha nikamwuliza, taratibu, kuhusu mkanda.

"Mkanda ule mzuri, shemeji. Nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga za milimita 8. Tulipiga kazi."

"Na mkaguzi alikuja?"

Kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia mashine ya kuchanganyia zege, au labda ni gari.

"Shemeji, mtendaji alipita."

Mtendaji wa mtaa. Alikuwa anapita kwenda msibani, akasimama, akasalimia mafundi, akaangalia angalia, akasema kazi nzuri, akaondoka. Fundi akampigia mume wangu hospitali: mzee, wakubwa wamekuja wameona. Mume wangu, mkewe anapiga kelele nyuma ya pazia, akasema sawa, endeleeni. Huo ndio ukaguzi wetu. Si uongo hata mmoja ndani yake, ukiutazama neno kwa neno.

Nilikuwa karibu kukata simu. Yeye ndiye aliyenizuia.

"Shemeji. Mkachimbe kona ya jikoni."

"Kuna nini kona ya jikoni?"

"Tuliishiwa nondo. Mashine ilishakodiwa, inalipiwa kwa siku, na kaka hapokei tena simu. Tukaunga vipande." Akavuta pumzi. "Ile kona huwa naikumbuka."

Miaka tisa naye, huko Dodoma, anaikumbuka kona yangu ya jikoni. Sikuweza kumkasirikia. Nilitamani kumwuliza kwa nini hakusema, na jibu nilikuwa nalo: hakuna aliyemwuliza. Mkaguzi kazi yake ndiyo hiyo, kuuliza siku ambayo jibu bado linaonekana kwa macho.

Nikafuta namba ya "Ukaguzi". Kisha nikampigia yule binti, nikamwambia ukweli wote pamoja na wa wodi. Alisema tu, "Sawa mama, tutachimba."

Kona tatu

Watu wa pagale wanaogopa neno kuchimba. Wanadhani nyumba inabomolewa. Shimo lenyewe ni la upana wa meza ndogo, unashuka kando ya msingi mpaka uone tofali za chini na mkanda unaopita juu yake. Vijana wawili, sururu na chepe, asubuhi moja. Udongo wetu ni mchanga, unachimbika kirahisi na unajifukia kirahisi vile vile.

Kona ya kwanza, upande wa chumba cha watoto. Yule binti aliparua zege kwa patasi mpaka chuma kikatokea. Nondo ilikuwa na kutu nyepesi ya rangi ya chai, ya kufutika kwa kidole. Chini yake palionekana kile kipande bapa cha zege mafundi wanachokiita biskuti, kinachoinua nondo isiguse ardhi. "Hapa walifanya kazi," akasema. Nilitaka kumpigia fundi nimwambie.

Kona ya pili, sebuleni, hivyo hivyo. Alikuwa na nyundo ya kupimia zege, ile ya springi inayogonga na kusoma ugumu wa uso. Alinionya nisiifurahie sana namba yake, maana inaujua uso tu.

Kona ya tatu ni jikoni.

Hapo hakuhitaji patasi. Zege lilikuwa limeshapasuka kwa mstari mmoja mrefu upande wa chini, na alipoligusa likaachia kipande cha urefu wa kiganja. Nondo ilikuwa imelazwa juu ya mchanga wenyewe, bila biskuti. Miaka tisa ya mvua na chumvi ya upepo wa bahari. Ilikuwa inabanduka magamba, kama samaki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, alinieleza, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Na palipoungwa, vipande vilikuwa vimepishana kwa sentimita 20. Kwa nondo ya milimita 12 alitaka kuona 60. Ringi ya kwanza na ya pili ziliachana kwa zaidi ya futi moja na nusu.

Mume wangu alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, mikono nyuma. Hakusema kitu. Akaenda chini ya mwarobaini akakaa.

Nilimfuata baadaye, si mara moja.

"Ningekuja," akasema. "Ni dakika 40 tu kwa pikipiki."

"Mimi ndiye niliyekwambia usiondoke."

Tukakaa. Kuna mambo ya ndoa ambayo hayana mkosaji, na ndiyo magumu kuliko yenye mkosaji, kwa sababu huna wa kumsamehe.

Kisanduku cha msingi

Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili. Kozi mbili za juu ziondolewe kuta zote, saruji yake ilishaoshwa na mvua. Nondo za nguzo za baraza, zilizobaki zimechomoza hewani muda wote huo, zisuguliwe kwa brashi ya waya. Mbili zimeliwa, zikatwe na kupandikizwa mpya. Mwarobaini ung'olewe na mizizi yake ifuatwe mpaka mwisho, kwa sababu mmoja umeingia chini ya jamvi. Ukuta wa jikoni ushushwe kwenye kona ile, mkanda uvunjwe mita mbili kila upande, usukwe upya.

Gharama sitaitaja. Pesa ya bati imepungua, na bati lenyewe halijanunuliwa. Mama mkwe amesema tumemruhusu mtoto wa watu atubomolee nyumba. Jirani mmoja amesema angetutafutia mtu.

Kibali kipya kilipotoka, jedwali la nyuma lilikuwa tupu tena, jipya, linanukia wino. Nilimwuliza yule binti atajaza nini kwenye kisanduku cha msingi. Nilitegemea, nadhani bado nilikuwa natumaini, kwamba angetia sahihi tu yaishe.

"Siwezi kusaini nilichokuwa sipo, mama."

Akaandika kwa herufi ndogo ili zitoshe: *Haukushuhudiwa. Umechimbwa kona 3, tazama ripoti.* Kisha tarehe ya siku ile.

Mume wangu aliichukua karatasi akaisoma. Akairudia. Nilimwona midomo inatamka neno la kwanza bila sauti.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kumwaga jikoni. Fundi mpya alikuwa tayari saa nne asubuhi, vibarua wanane, saruji imepangwa, mchanga na kokoto zimepimwa, mapipa ya maji yamejaa. Mhandisi alisema atafika saa tano. Saa sita hayupo. Saa saba fundi akaanza kuzunguka zunguka. "Mama, hawa watu wanalipwa kukaa." Nikamwambia wakae. Saa nane wingu likaja upande wa bahari. "Mama, mvua ikinyesha hapa tumekwisha, na nondo si unaziona mwenyewe?" Nilikuwa naziona. Nilizihesabu mara nne. Nikamwambia sisi siyo wa kuziona.

Alifika saa tisa kasoro, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, akaomba radhi, akavaa buti zake. Alihitaji mtu wa kumshikia futi kamba ndani ya mtaro.

Fundi alimtuma kijana, lakini mume wangu alikuwa ameshashuka. Shati la ofisini, suruali imekunjwa, amepiga goti moja kwenye mchanga. Alishika ncha ya futi kamba kwenye ringi ya kwanza, yeye akaivuta mpaka ya pili.

"Soma, baba."

"Sentimita 20."

"Inayofuata."

"20."

"Inayofuata."

Matone yalikuwa yameanza, makubwa, ya hapa na pale. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kwingine.

"19," alisema mume wangu. Akajipangusa jicho kwa bega. "Subiri. Ngoja niisome tena."